Tumbo Langu na Kuku wa Ukweni

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Mama yangu husema nilizaliwa nikilalamika na sijanyamaza bado. Wenye maduka ninaowapelekea mikate, kutoka Umoja hadi Kariobangi hapa Nairobi, husikia sauti yangu kabla hawajaliona gari. Nikikanyagwa, nasema. Nikionewa, nasema mara mbili, na mara ya pili nasema kwa wapita njia. Lakini Mungu naye ana mzaha wake. Alinipa mdomo wa simba, akanipa na tumbo la kifaranga. Nikiingiwa na hofu, mdomo unaendelea na kazi yake kama kawaida, ila tumbo linajifunga, linasokota, linaunguruma, na chakula hakipiti hata ukisukume kwa mwiko.

Limenitia aibu tangu tukikaa Pumwani. Siku ya mtihani wa darasa la nane niliomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu, msimamizi akadhani nimeficha majibu huko, akanifuata. Aliyoyakuta aliyakuta, akarudi mbio. Siku ya mtihani wa udereva nilipita vizuri kabisa, nikamrudishia mtahini ufunguo, kisha nikatimua mbio bila kusema asante. Waliokuwepo walisema, tazama kijana alivyofurahi.

Sikuwahi kumwambia mtu kwamba ni hofu. Mwanamume mzima wa Eastlands aseme anaogopa? Afadhali aseme amekula sambusa mbovu. Kwa miaka mingi nilisingizia sambusa, mayai, maziwa yaliyolala na maji ya mfereji. Nimewaharibia jina wauza vyakula wengi wasio na hatia, na hapa nawaomba radhi wote kwa pamoja.

Sasa, binti niliyempenda alikuwa karani katika duka moja la jumla kule Baba Dogo. Kila asubuhi nikishusha mikate, yeye hutoka nje na kuibonyeza kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine.

"Huu ni wa jana," atasema.

"Wa jana gani? Si unasikia bado una moto!"

"Huo ni moto wa injini."

Tuligombana hivyo karibu mwaka mzima. Nilikuwa nikichelewa kufika kwake kwa sababu lazima nisimame njiani nijitazame kwenye kioo cha gari na kupangusa unga usoni. Asubuhi moja alipokea mikate yote bila kuibonyeza hata mmoja. Nikashtuka.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka kugombana na wewe hapa kwa jua. Nipeleke mahali tugombane tukiwa tumekaa."

Jamani, siku hiyo nilisahau kreti mbili pale dukani, na sikujali. Tukakaa, tukagombana, tukacheka, na mwaka ulipozunguka tena tukakubaliana niende kwao nijitambulishe.

Mimi ni Mkamba. Marehemu baba yangu na ndugu yake walikuwa wachonga vinyago, na huyo ndugu yake, baba yangu mdogo, ndiye aliyekubali kuwa msemaji wangu. Binti ni Mluhya. Wazazi wake wana nyumba yao ya mabati mtaa wa Lucky Summer, yenye ua mdogo uliopandwa sukuma wiki na mrenda, na kuku wanaotembea kama wenye nyumba. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha sabuni mpaka akastaafu. Ni mzee mrefu, mpana wa kifua, na sauti yake bado ni ile ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Ukimwambia "Shikamoo", anakuitikia mpaka majirani wanaitika pia.

Tulifika Jumapili baada ya kanisa: mimi, mama na baba mdogo. Mazungumzo yakaenda vizuri. Baba mdogo alisema tumeona ua zuri katika boma hili, mzee akauliza ni ua lipi maana mimea ni mingi, wakacheka kama watu waliojuana zamani. Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kochi, mdomo ukitabasamu, tumbo likiwa limekaza kama fundo la kamba. Tangu Alhamisi nilikuwa sijala kitu cha maana. Si kwamba sikutaka. Nilimtaka yule binti kwa roho yangu yote, na kadiri nilivyomtaka ndivyo tumbo lilivyozidi kujifunga. Niliwaza: mimi dereva wa mikate, chumba kimoja mtaa wa Pipeline, choo cha kushirikiana na korido nzima; huyu mzee akinichunguza ataona nini?

Chakula kikaletwa. Ugali ulikuwa wa kwao wa kweli, mgumu, wa kukatwa kwa kisu. Kuku alikuwa wa kienyeji, mzima, na mchuzi wake ulinukia mpaka baba mdogo akasahau methali aliyokuwa katikati yake. Binti mwenyewe ndiye aliyempika. Aliweka sinia bila kunitazama, akarudi jikoni. Mzee akanawa, akaomba dua, kisha akachagua kwa mkono wake mwenyewe firigisi, akaiweka juu ya sahani yangu.

"Hii ni yako, kijana."

Wote wakanitazama. Nikaitazama firigisi, nayo ikanitazama. Tumbo likasema, hiyo haipiti hapa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Nyumbani kwetu, mdogo akipewa kipande kizuri mbele ya wazee, akikirudisha kwa mkubwa, anasifiwa kwamba amelelewa. Ndivyo mama alivyotufundisha, na kofi lake lilikuwa karibu kwa asiyejifunza. Basi nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikaishika firigisi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nikaiweka kwenye sahani ya mzee.

"Kula wewe, mzee wangu. Hii inakufaa wewe."

Hata nikatabasamu. Mama akaitikia kwa kichwa, kifua mbele, kuonyesha kwamba huyu ni wa kwake.

Mzee aliitazama ile firigisi kwa muda. Akafuta vidole vyake polepole, kimoja kimoja.

"Mgeni amesema," akatamka.

Basi. Kuku hakuguswa tena. Mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua na ubovu wa barabara, na baada ya muda mfupi tukashukuriwa kwa kuja. Hatukusindikizwa hata mpaka langoni, na Mluhya asipokusindikiza ujue mambo yameharibika. Mama alitembea mpaka kituoni akiniuliza, "Kwani tumefanya nini? Si ulikuwa na adabu sana?"

Jioni binti alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa chini.

"Unajua ulichofanya?"

"Nilimheshimu baba yako."

"Kwa ukoo wetu, mkwe akirudisha firigisi amerudisha binti. Amesema hataki."

Nilikaa kitandani puu. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na tumbo lilitaka mambo yake.

"Wallahi sikujua!" nikasema, na mimi si Mwislamu. Ni Pumwani hiyo, mtaa wa Waislamu wengi, ikinitoka.

"Hukujua, sawa. Lakini kwa nini hukula? Hata kipande kingine hukugusa. Nilikuwa nachungulia kwenye pazia."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yote haya niliyo nayo, ningeshindwa kutumia mawili? Naogopa. Nimeogopa. Badala yake nikasema, "Nilikuwa nimeshiba."

"Ulikuja kwetu kuniomba ukiwa umeshiba," akasema. Kisha akasema sawa, akakata simu.

Siku mbili baadaye baba mdogo alipeleka maelezo na kuomba msamaha, akarudi na jibu. Mzee ameelewa kwamba kila watu na desturi zao. Turudi baada ya wiki tatu. Kuku atapikwa tena. Mkwe akila, mazungumzo yanaendelea palipoishia. Asipokula, asikanyage tena Lucky Summer. Baba mdogo akaniangalia kwa jicho moja, lile analopimia mbao. "Mwanangu, umepewa kazi rahisi kuliko zote duniani. Ni kula tu."

Kula tu! Kwa mtu mwingine hiyo ni zawadi. Kwangu mimi ilikuwa kama kuambiwa nimeze tairi. Kuanzia siku hiyo tumbo lilihamia kabisa kwenye fujo. Asubuhi linawaka, mchana linajaa gesi, usiku linanguruma mpaka jirani wa ukuta mmoja ananigongea, "Buda, zima hiyo jenereta!"

Pipeline hakuna siri. Ukiumwa ghorofa ya tano, ya kwanza wameshakuandalia dawa. Mwuza mboga akanipa tangawizi. Fundi viatu akasema magadi kwenye maji moto. Mama akafika kutoka Pumwani na chupa ya shubiri aliyoichemsha mwenyewe, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza kikombe. Kesho yake asubuhi nilikaa chooni muda mrefu, na choo kile ni cha vyumba kumi. Foleni ilifika kwenye ngazi. Kila mmoja akipiga mlango alikuwa na neno lake, na mama mmoja akaomba kwa sauti kwamba Mungu anikumbuke haraka kwa sababu mtoto wake anachelewa shule.

Halafu kuna yule mzee anayeuza mizizi ya mkombero, ile ya nguvu za kiume, karibu na soko. Nikamwambia nataka kitu cha tumbo, nina shughuli kubwa ukweni. Alisikia "shughuli" na "ukweni" tu. Akanifungia furushi zima, akanikonyeza. "Tafuna hii, baba. Utanikumbuka." Nilitafuna siku mbili nikiendesha gari. Tumbo halikubadilika hata kidogo, na kuhusu yale mengine aliyokusudia, mtu niliyekuwa namwaza alikuwa hanisemeshi, kwa hiyo sina ushahidi.

Maana kweli alikuwa hanisemeshi. Nikifika dukani alipokea mikate, akatia sahihi, akarudi ndani. Mkate wa jana, wa leo, hakuuliza. Siku moja nilimletea makusudi kreti iliyobonyea yote, nikitumaini atanitukana kidogo. Akaipokea. Niliumia kuliko ningetukanwa. Uso wake ulikuwa umechoka, nikasema moyoni, ni hasira hiyo, ana haki. Simu nilimpigia mara tatu nikiwa nimejipanga kumweleza, na mara tatu nikaishia kuongea habari za bei ya ngano.

Mwishowe nikaenda kliniki iliyo chini ya ghorofa jirani. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni, na hakuwa na mchezo. Aliniuliza kama nakonda, kama natapika, kama nimeona damu, kama maumivu huniamsha. Akanipima, akachukua vipimo, akaniambia nirudi. Niliporudi alikuwa na karatasi mkononi.

"Huna vidonda vya tumbo. Huna wadudu. Ungekuwa navyo ningekutuma hospitali. Sasa niambie, unaogopa nini?"

"Mimi? Siogopi kitu."

Akavaa miwani ili anione vizuri.

"Nimezaa watoto wanne na nimefanya kazi hapa miaka mingi. Tumbo na kichwa ni majirani wa ukuta mmoja. Huyu akipiga kelele, yule halali. Unaogopa nini?"

Nikajikuta namweleza yote, kuku, firigisi, shubiri, mpaka mkombero. Alicheka mpaka akashika meza. Nikachemka.

"Sasa mama, mimi naumwa wewe unacheka?"

"Nacheka kwa sababu unaumwa kwelikweli na utapona. Maumivu yako si ya uongo. Hofu inalikaza tumbo, nalo likikaza linauma, likiuma unaogopa zaidi. Tutalilegeza."

Kwanza alinifukuza kwenye ile chai yangu. Mimi huamka kabla jogoo hajafikiria, nanywa vikombe viwili vya chai ya rangi nzito bila kitu tumboni, kisha sili mpaka saa tisa. Akasema hivyo nalichokoza tumbo mwenyewe. Nianze na uji au ndizi mbivu, nile kidogo kidogo, nisilale na chakula kooni, na jioni nitembee badala ya kupanda ngazi moja kwa moja na kujitupa kitandani. Kisha akaniambia niweke mkono juu ya kitovu, nivute pumzi kwa pua taratibu mpaka mkono uinuke, halafu niitoe polepole kuliko nilivyoivuta, kama mtu anayepoza uji. Nikafanya mara tano pale kwenye kiti. Huwezi kuamini, mabega yangu yalishuka. Sikuwa nimejua kwamba yalikuwa juu.

Nikiwa mlangoni akaniita.

"Huyo binti anajua?"

"Nimemwambia nilikuwa nimeshiba."

"Eh! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Uji na pumzi vitakusaidia, lakini mwambie ukweli. Nusu ya huo mzigo ni siri."

Nilifuata maagizo yote isipokuwa hilo la mwisho. Nilibeba viazi vitamu kwenye gari. Foleni ikikwama nilikuwa naweka mkono tumboni, nafumba jicho moja, navuta pumzi. Utingo wa lori alinitazama akauliza, "Niaje, boss, unazaa?" Nikamwambia niko mwezi wa nane. Na kweli, baada ya siku chache jenereta ilizimika. Nililala. Nilikula chapati nzima na maharagwe siku ya Ijumaa, nikapanda ngazi nikiimba. Watu wa ghorofa ya tano walinipigia makofi.

Jumapili ikafika. Tukaingia tena Lucky Summer, baba mdogo, mama, na mimi nikiwa na suruali pana na pumzi za kutosha. Tulikaribishwa vizuri. Mzee alinishika mkono akautikisa kama anajaribu kama umefungwa sawasawa. Lakini nilipokaa kwenye lile kochi, na nikasikia sufuria zikigongana jikoni, nikalihisi. Linakuja. Nikaweka mkono kwenye kitovu. Nikavuta, nikatoa. Likalegea kidogo. Nikavuta tena. Likalegea kidogo, likasimama hapo. Hilo pia nilijifunza siku ile, pumzi hupunguza hofu lakini haiwezi kukusemea.

Ugali ukafika. Kuku akafika. Binti akaweka sinia, macho chini, akatoka, na pazia la mlango wa jikoni likatulia nyuma yake. Mzee akachukua firigisi, akaiweka kwenye sahani yangu. Safari hii hakusema neno. Mama alinikanyaga mguu kwa kisigino.

Nikaishika. Nikaipandisha mpaka kidevuni. Nikajua kwa hakika kabisa kwamba nikiitia mdomoni itarudi, mbele ya wazee wote, na huo ndio utakuwa mwisho wangu na yule msichana. Mkono ukabaki hewani. Baba mdogo akakohoa. Mzee akaanza kufuta vidole vyake, kimoja kimoja.

"Mzee!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Naomba niseme kwanza, halafu nile."

Akaacha kufuta.

"Ile siku ya kwanza sikuwa nimeshiba. Nilimdanganya binti yako. Nilikuwa na njaa ya siku tatu. Mimi nikiogopa, tumbo langu linajifunga, na lilianza nikiwa mtoto, na sijawahi kumwambia mtu kwa sababu naona haya. Hata sasa limejifunga. Siogopi kuku wako. Naogopa kwamba mtanitazama na kuona sitoshi. Sijawahi kutaka kitu maishani kama ninavyomtaka yeye, na ndiyo maana siwezi kumeza. Ningekuwa simtaki ningekula huyu kuku mpaka mifupa."

Nilipomaliza masikio yalikuwa yanawaka moto. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Nyuma ya pazia kitu kilianguka, mfuniko wa sufuria nadhani, ukazunguka sakafuni muda mrefu mpaka ukatulia.

Mzee aliniangalia.

"Unaniogopa mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi hivi?"

"Ndiyo, mzee. Hasa sauti."

Akamgeukia mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. "Mama watoto, umesikia? Eti hasa sauti." Na yule mama, aliyekuwa mtulivu siku zote mbili, akaanza kucheka, maji yakimwagika kwenye jagi.

"Mwambie ya kwako," akasema. "Mwambie, au nitamwambia mimi."

Mzee akajikuna kisogo. Kumbe na yeye alikuwa na lake. Siku aliyokwenda kwa baba mkwe wake, huko kijijini, hofu ilimshika vilevile, ila kwake ilifungua badala ya kufunga. Alikula fungu lake, akala fungu la msemaji wake, akala shingo, akala miguu, na wazee walipomaliza sala ya shukrani walikuta sinia linang'aa. Walimpa jina, na mpaka leo akienda kijijini watu hufunga kuku wao.

"Mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea," akasema mzee. "Mimi niliila hata hiyo miguu." Akacheka mwenyewe, na sauti ile ya kiwandani ikatikisa vikombe, na safari hii haikunitisha hata kidogo. "Weka hiyo firigisi chini, mwanangu. Iache ipoe. Chakula hakikimbizwi. Hebu niambie, ati mikate yenu ni kweli huwa ya jana?"

"Nani kasema? Huyo binti yako ananisingizia!" nikawaka.

Nikaanza kujitetea. Nilieleza habari za tanuri, za unga, za barabara ya Kariobangi na mashimo yake yanayobonyeza mkate kabla mteja hajaubonyeza. Baba mdogo akaingilia na uongo wake mmoja wa zamani kuhusu fisi na mchonga vinyago. Mama naye akaleta ya shubiri na foleni ya choo, bila kuombwa, na mama yake binti akafuta machozi kwa kanga. Nami nikiongea nilikuwa namega ugali, nachovya, natia mdomoni, kama mtu yeyote. Sikuona. Mzee ndiye aliyeninyoshea kidole kwenye sahani.

"Iko wapi?"

Nikatazama. Firigisi haikuwepo. Nilikuwa nimeila nikibishana, na wala sikumbuki ilikuwa na ladha gani. Mama yake binti akapiga kigelegele, mama yangu akakipokea, na majirani ambao hata hawakujua ni cha nini wakakiongeza kutoka upande wa pili wa mabati. Tumbo lilikuwa wazi, pana, lina nafasi ya ng'ombe.

Baadaye wazee walipoingia kwenye mambo yao ya mbuzi, nikaomba ruhusa ya kwenda kumshukuru mpishi. Kwao mkwe haingii jikoni, kwa hiyo nilisimama mlangoni, upande wa nje.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, sahani magotini. Alikuwa na paja la kuku mkono mmoja na donge la ugali mkono wa pili, na alikuwa anakula kwa haraka, mashavu yamejaa, mchuzi kidevuni. Kando yake palikuwa na mifupa ya vipande vingine viwili, imesafishwa. Kwenye mwanga ule wa mlangoni niliona jinsi mifupa ya shingo yake ilivyotokeza, na gauni lilivyomlegea mabegani. Wiki tatu nzima nilikuwa nimezunguka Eastlands na tumbo langu, nimelipeleka kwa fundi viatu, kwa mwuza mizizi, kliniki, na katika wiki hizo zote tatu sikumuuliza hata siku moja yeye amekula nini.

"Wewe..." nikaanza.

Akainua kidole chenye mchuzi kuninyamazisha, akatafuna, akameza.

"Usiniongeleshe," akasema. "Tangu useme ulikuwa umeshiba, chakula kilikuwa hakinipiti. Nina njaa ya wiki tatu." Akaipangusa sahani kwa ugali mpaka ikabaki nyeupe, akaninyoshea. "Nenda uniletee kipande kingine. Na usirudi na shingo."

Nikaipokea ile sahani, nikageuka, nikarudi sebuleni moja kwa moja mpaka mbele ya baba yake, nikamwomba kuku.